Mfarishi Ukikamilika, Unakwenda kwa Nani?

Mtu anayetafuta kundi la kushona nalo huanza na maswali ya mkono. Wanatumia cherehani au sindano? Wanampokea asiyejua? Ada ni kiasi gani, na wanakutana siku gani? Ni maswali ya haki, lakini majibu yake hayamwambii kama mwakani atakuwa bado anakwenda. Nimeyatazama makundi ya wanawake washonao mifarishi Alabama, Visiwa vya Cook na Karnataka, nikayaweka pamoja na wasuka ukili na washona kofia wa pwani yetu, na ninashikilia kwamba swali linalotangulia yote ni moja: kazi ikikamilika, inakwenda kwa nani? Ikienda sokoni, kundi litakuwa na rula na msimamizi. Ikienda kwa bibi harusi, litakuwa na kumbukumbu ndefu ya nani alimshonea nani. Ikienda ukutani kushindanishwa, litakuwa na waamuzi. Desturi nyingine za kundi, hata namna ya kuketi, hufuata hapo.

Mfarishi ninaouzungumzia kwanza ni ule wa tabaka tatu: juu vitambaa vilivyoungwa kiraka kwa kiraka, katikati pamba, chini bitana, na uzi unaopita zote tatu ili pamba isikusanyike upande mmoja. Kuunga viraka ni kazi ya mtu mmoja. Huifanya usiku, kitambaa kikiwa mapajani, watoto wameshalala. Kushona tabaka ni jambo jingine. Katika desturi ya Marekani kitambaa kilifungwa kwenye fremu ya mbao, kikavutwa hadi kikakaza, na wanawake wakaketi kuizunguka. Mmoja peke yake angehangaika nacho majuma mengi. Wanane, wanne upande huu na wanne upande ule, walikimaliza kwa muda mfupi. Katika nyumba nyingi za maskini wa kusini fremu hiyo ilining'inizwa kwenye dari kwa kamba. Mchana iliteremshwa, usiku ikapandishwa ili watu wapate pa kulala.

Kwa hiyo ni fremu iliyokusanya watu. Mwenye mfarishi aliwaita majirani, akawapikia, na zamu ya mwenzake ikifika naye alikwenda na subana yake. Hata watumwa wa mashamba ya pamba walikuwa na mikusanyiko hiyo. Wazee waliozaliwa utumwani waliisimulia walipohojiwa katika miaka ya 1930, wakataja chakula na dansi vilivyofuata kazi. Katika hali kama hiyo hakuna aliyetafuta kundi. Kundi lilikuwa ni watu wanaoweza kufika kwa miguu.

Fremu ina ukali wake, nao haufichiki. Mshono wako uko karibu na wa mwenzako juu ya kitambaa kile kile, na kila anayepita anauona. Kuna masimulizi mengi ya Marekani kuhusu mwenye nyumba aliyengoja wageni waondoke, kisha akaifumua kimyakimya mishono mirefu ya mgeni fulani na kuishona upya kabla ya kulala. Wengine walikuwa wakipewa kazi ya kutia uzi sindanoni, au wakapelekwa jikoni. Sioni ubaya wa moja kwa moja katika hilo. Mfarishi wa watoto wanne wanaolala kitanda kimoja huvumilia mshono uliopinda. Wa arusi, utakaotandazwa mbele ya wakwe, ulikuwa heshima ya nyumba nzima. Aliyefumua alikuwa akifikiria mahali kitambaa kinakokwenda.

Sasa mwangalie msuka ukili. Hana fremu. Chane za ukindu au miyaa zimefungwa fungu, ukili unarefuka mkononi, na mwanamke wa Makunduchi au wa Pate anaweza kusuka huku anatembea, huku anamngoja daktari, huku anamsikiliza jirani anayelia. Wanaokusanyika barazani alasiri hawakulazimishwa na kazi. Wangeweza kuifanya kila mmoja kwake. Wamekuja kwa sababu wanataka kuwa pamoja. Kila mmoja ana ukili wake, na mwenzake haugusi. Ukishafikia pima za kutosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka, na aliyesuka kwa kulegeza atauona ulegevu wake mwenyewe, kwenye mkeka wake mwenyewe.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, na mtu anayetafuta kundi angefaa aijue mapema. Katika fremu, mikono mingi iko juu ya kitu kimoja, basi kundi lina haki ya kuusema mkono wako. Barazani, kila mkono una kitu chake, basi kundi halikuhukumu kwa ufundi; linakuuliza wewe ni wa nani na umekuja na nini cha kusema. Mwoga wa sindano ataponea barazani. Mwenye kiu ya kujifunza upesi aende kwenye fremu, avumilie kufumuliwa, maana hakuna mwalimu wa haraka kama mshono mzuri ulio sentimita mbili kutoka kwenye wako.

Pwani ina namna ya tatu, nayo haina kikao chochote. Kofia ya vito huchorwa na mtu, ikatobolewa, kisha ikazungushiwa uzi tundu kwa tundu na mtu mwingine, mara nyingi nyumba nyingine kabisa. Kazi inatembea, watu wamekaa. Zamani mke alimshonea mumewe, mchumba akamshonea mchumba wake, na kofia hiyo ilivaliwa ikijulikana mkono ulioishona. Leo nyingi zinashonwa kwa kuuzwa. Ni sindano ile ile na uzi ule ule, lakini mwanamke wa Zanzibar au Lamu anajua kabisa ipi anaishona kwa mfanyabiashara na ipi ataitia moyo wake wote. Jambo hilo litatusaidia tukifika Alabama.

Gee's Bend ni kijiji cha Wamarekani weusi katika wilaya ya Wilcox, kimezungukwa na Mto Alabama pande tatu. Wengi wa wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la Pettway, na jina hilo la bwana ndilo jina la ukoo la familia nyingi hadi leo. Mifarishi yao ilishonwa kwa sababu nyumba zilikuwa na nyufa na baridi ilipita. Waliunga suruali za kazi zilizopauka magotini, mifuko ya mbolea na magauni yaliyochakaa, wakazilaza pande kubwa kubwa za rangi bila kufuata sampuli ya kitabu. Mwanamke aliunga sehemu ya juu peke yake, kwa akili yake. Kushona tabaka ndiko kulikowaleta jirani na shangazi. Ninaitaja hatua hiyo kwa makusudi. Uamuzi wa sura ya mfarishi ulikuwa wa mmoja, na msaada wa kuumaliza ulikuwa wa wengi. Nimeshindwa kupata mgawanyo wa kazi wenye heshima kuliko huo katika sanaa yoyote ya nyumbani.

Mwaka 1962, weusi wa wilaya hiyo walipokuwa wanaanza kudai kuandikishwa kupiga kura, kivuko kilichowavusha kwenda Camden, makao makuu ya wilaya, kilisimamishwa. Hakikurejea hadi 2006. Waliojiandikisha wengine walifukuzwa kwenye mashamba waliyolima kwa kugawana mavuno. Katika hali hiyo padri mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, alipita wilayani humo mwishoni mwa 1965 akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba. Alianza kuinunua kwa dola 10 mmoja, bei iliyokuwa juu ya waliyoizoea, akaipeleka New York ikapigwe mnada. Machi 1966 wanawake wa Gee's Bend na wa Alberta jirani wakaanzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, ambao Estelle Witherspoon aliusimamia kwa miaka mingi.

Sasa mfarishi ulikuwa na mahali pengine pa kwenda, na kila kitu kikabadilika. Duka kubwa la New York likiagiza mifarishi ya sampuli moja, wa mwisho sharti ufanane na wa kwanza. Rangi zikachaguliwa na mteja. Vipimo vikakaguliwa, mishono ikahesabiwa kwa inchi, na iliyolegea ikarudishwa. Mwaka 1972 ukaja mkataba na kampuni ya Sears wa foronya za mapambo za kodrai, kazi ya mashine na ya kurudiarudia. Kwa fedha za ushirika wanawake waliokuwa wamenunua maisha yao yote kwa mkopo wa dukani walipata mshahara wenye hesabu, wakanunua ardhi, wakajenga jengo lao la kushonea, na sehemu ya ardhi ile ikauzwa kwa familia zilizofukuzwa. Mtu asilipunguze hilo. Kwa mama aliyekuwa analima pamba ya mwingine, mshono ulionyooka kwa rula ulikuwa uhuru wenye risiti.

Lakini si kila mshonaji wa Gee's Bend aliyekaa vizuri na rula. Wapo waliokuwa wakiunga kwa kukata kwa jicho, wakageuza rangi katikati ya safu kwa sababu mkono umetaka hivyo. Kwao sampuli ya mteja ilikuwa kibano. Hapo ndipo panaponivutia. Vipande vya kodrai vilivyobaki baada ya foronya vilibebwa nyumbani, vikagawanywa kwa ndugu na majirani, vikaungwa kwa ule mtindo wa zamani usio na rula. Baadhi ya mifarishi iliyokuja kusifiwa sana ilitokana na mabaki hayo: kodrai za kijani, za dhahabu na nyekundu zilizokatwa kwa ajili ya mto wa sebuleni kwa mtu wa Chicago, zikaishia juu ya kitanda cha mjukuu wa mshonaji. Wanawake wale wale walikuwa na makundi mawili, moja la kazi lenye kipimo na lingine la nyumbani lisilo na kipimo, wala hawakulitaka moja litimize kazi ya mwenzake.

Ndiyo maana naona ushauri wa kutafuta kundi moja linalokufaa kwa kila jambo una kasoro. Anayeshona ili aishi na anayeshona ili apumue wanaweza kuwa mtu yule yule, na mahitaji yake mawili hayatoshelezwi na meza moja. Mshona kofia wa Zanzibar ameshalijua hilo bila kufundishwa.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha Whitney la New York, na wakosoaji wakaiweka katika mstari wa mbele wa sanaa ya karne ya 20. Mwaka 2003 washonaji wakaanzisha ushirika wao mpya, na 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu. Ukuta, basi, ukawa mahali pa tatu pa mfarishi kwenda, baada ya kitanda na duka. Ukuta ulileta swali lake. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai haki zao juu ya kazi na mapato yake, na mashauri yakamalizika mwaka uliofuata. Freedom Quilting Bee yenyewe ilifungwa 2012. Ninachokisoma katika historia hiyo ni kwamba swali la kazi inakwenda kwa nani, na nani anaimiliki ikiwa njiani, lilistahili kuandikwa kwenye karatasi siku ambayo mgeni wa kwanza alitoa fedha.

Visiwa vya Cook, katikati ya Pasifiki, vilipokea sindano na kitambaa kutoka kwa wake za wamisionari wa London katika karne ya 19, na wanawake wa huko wakaviondoa mikononi mwa wamisionari haraka sana. Tivaevae yao ni shuka la mapambo lisilo na pamba ndani, maana visiwa vyao havina baridi ya Alabama. Ziko za viraka vidogo vidogo vinavyohesabiwa kwa maelfu. Ziko za kitambaa kilichokunjwa kikakatwa kwa mkasi mara moja, kikafunguka kuwa ua kubwa au jani la mshelisheli, kisha kikapigwa bandi na kushonwa juu ya kitambaa cha rangi nyingine. Kundi huitwa vainetini. Ndani yake kuna ta'unga, bingwa wa kuchora na kukata, na si kila mtu anathubutu kushika mkasi mbele yake. Katika aina ya viraka, kila mshonaji hupewa mpangilio wa rangi za sehemu yake, akaunganisha kama alivyoelekezwa, na mwishoni sehemu za wote zikaingiliana.

Kwa kipimo cha ufundi, vainetini ni kali kuliko fremu ya Marekani. Kwa nini basi watu hawakimbii? Kwa sababu tivaevae kwa desturi hutolewa, haiuzwi. Hufunika kiti cha mvulana siku anaponyolewa nywele zake kwa mara ya kwanza mbele ya ukoo, huwekwa mabegani mwa maarusi, na maiti huzikwa nayo. Wengine siku hizi huuza, na bei huwa kubwa, lakini mizani ya wazee ni muda na mapenzi yaliyoingia humo. Mwanamke anayekubali kuongozwa na ta'unga anajua kwamba siku ya msiba wake wale wale watakuja na sindano. Ukali wa kundi unalipwa na uhakika wa kundi. Nikiutafutia mwenzake huku kwetu, nauona katika vyama vya kufa na kuzikana kuliko katika kikundi chochote cha ushonaji: nidhamu ngumu, faini kwa mchelewaji, na hakuna anayelalamika kwa sababu wote wanajua mwisho wa safari ni upi.

Wapo pia washonaji ambao damu inatuunganisha nao. Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari kwa utumwa, wengi kutoka mwambao wa mashariki wa bara letu. Baadhi yao walitoroka Goa ya Wareno wakajificha milimani. Kuna Wasidi Waislamu, Wakristo na Wahindu, na wanawake wao hushona kawandi, mfarishi wa nguo kuukuu juu ya shuka la sari. Hakuna fremu, wala viraka haviungwi kwanza. Mshonaji huanza pembeni, akaweka kiraka, akakishona moja kwa moja kwenye shuka, akafuata ukingo kuzunguka, duru kwa duru, mpaka mishono ikakutana katikati. Kwenye pembe huongezwa fula, vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, na bila hizo kawandi huhesabiwa haijavaa. Nyingi ni za watoto. Kwa jirani Mkatoliki utaona msalaba, kwa Mwislamu mwezi mwandamo, na sindano ni moja.

Kawandi kwa kawaida ni kazi ya mwanamke mmoja, kwa hiyo haikuhitaji kundi. Kundi lilikuja 2004, pale Henry John Drewal, mwanahistoria wa sanaa, na Sarah Khan walipoungana na wanawake hao kuunda ushirika wa kuuza. Alabama fremu ilitangulia na soko likafuata. Kwa Wasidi soko ndilo lililowakusanya watu waliokuwa wakishona kila mmoja mlangoni kwake. Nalitaja hili kwa sababu vikundi vingi vya ushonaji na ususi Afrika Mashariki vimezaliwa kwa njia hiyo hiyo: mnunuzi au mradi umefika, wanawake ishirini wakaandikishwa, na kabla ya mwaka kwisha wengine wanaulizana kwa nini wanaketi pamoja. Kundi la namna hiyo si baya. Lakini halina fremu inayowahitaji wote wala msiba unaowadai wote. Lina oda tu, na oda ikikatika kundi linakatika. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vimejifunza kuliziba pengo hilo kwa kuwagawa wanachama watano watano wanaochaguana na kudhaminiana wenyewe. Kikundi cha ushonaji kikiazima utaratibu huo kinapata sababu ya kukaa hata mwezi usio na mnunuzi.

Marekani ya leo imefika mahali pa ajabu kidogo. Mashine kubwa za kushona tabaka zimefanya fremu ya mkono isihitajike. Unaunga viraka, unampelekea mwenye mashine, unalipa, unarudishiwa. Majirani hawana haja tena ya kuja. Ndipo likazaliwa jambo ambalo bibi zao hawakulijua, la kutafuta kundi. Vyama vya mji vina ada ya mwaka, mkutano wa kila mwezi, mhadhiri mgeni, na kipindi cha kila mtu kusimama aonyeshe alichokamilisha. Chama kikiwa na wanachama mia na zaidi, mgeni hukaa nyuma, akapiga makofi, akarudi nyumbani hajaitwa jina. Utamu uko kwenye vijikundi vya watu wachache vinavyokutana majumbani, na vingine vimeshajaa. Anayekwenda mkutano mkuu mara moja akakata tamaa amehukumu kabla ya kufika vilipo.

Vyama hivi hupeleka mifarishi yao mahali pawili. Kimoja kinashonea maonyesho, ambako waamuzi huandika kasoro kwenye karatasi na walinzi wenye glavu nyeupe hufunua ukingo kwa niaba ya mtazamaji, maana mtazamaji haruhusiwi kugusa. Kingine kinashonea hospitali, wakimbizi na waliounguliwa nyumba. Huko kinachotakiwa ni mfarishi wenye joto unaofulika, mwingi na upesi. Mtu wa kwanza akiingia kwa wa pili ataona wanaharibu kazi. Wa pili akiingia kwa wa kwanza ataona wanapoteza muda. Wote wawili ni washonaji wazuri.

Na wapo waliotafuta wakakosa. Carolyn Mazloomi, mhandisi wa vyombo vya anga aliyependa mifarishi, hakuwaona wanawake weusi wenzake katika vyama vya wakati wake. Akaweka tangazo katika jarida la washonaji, akawaomba wamwandikie. Mwaka 1985 akaanzisha mtandao wa washonaji wasio weupe, uliounganishwa kwa barua kabla ya kuunganishwa na chumba, nao umeandaa maonyesho makubwa ya historia ya Wamarekani weusi kwa mifarishi. Huo ni ushahidi kwamba kundi linaweza kuanza bila meza, bila fremu na bila mtaa mmoja, mradi wanaoandikiana wanajua kazi zao zinataka kumwambia nani nini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa watu ambao wengi wao hawakujua kushona. Mwaka 1987 Cleve Jones na wenzake wa San Francisco walianza kukusanya vitambaa vya kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila kimoja futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi. Oktoba ya mwaka huo vitambaa 1,920 vilitandazwa katika uwanja mkuu wa Washington, na idadi ikaendelea hadi makumi ya maelfu. Mama alishona jina la mwanawe, rafiki akabandika kwa gundi, mwingine akaambatisha jinzi na barua. Hakuna aliyekuwa na haki ya kufumua. Mfarishi uliokuwa unakwenda kwa marehemu, na mbele ya serikali iliyonyamaza, ulipokea kila mkono, na ukubwa wake wote ulitokana na kupokea huko.

Nina wasomaji wawili akilini. Mmoja yuko Ohio au Kentucky au Birmingham, amehamia huko na Kiswahili chake na kitenge chake, na maktaba ya mtaa au ukumbi wa kanisa una kundi la washonaji wazee wanaokutana Jumanne. Nenda, dada. Vyama vingi huruhusu mgeni kukaa bure mara moja au mbili kabla ya kulipa. Usianze kwa kueleza ufundi wako. Waombe wakuonyeshe mfarishi wa mwisho walioukamilisha na wakwambie uko wapi sasa. Wakitaja mtu, kaa. Wakitaja tuzo na wewe unapenda kushindana, kaa pia. Wakikuambia uko kabatini, angalia kijikundi kingine kabla hujatoa ada. Na ukihitaji fedha, useme wazi, kwa sababu wengi watadhani umekuja kwa burudani na watakuomba kazi ya bure ya mapenzi.

Mwingine yuko Tanga, Pemba, Kwale au Bukavu, na anafikiria kuwakusanya wenzake waunge mabaki ya kitenge yanayotupwa na mafundi cherehani kila jioni. Malighafi ipo, mikono ipo. Kabla ya kuchagua jina la kikundi na rangi ya sare, andikeni kwenye daftari mambo matatu: kipi kitauzwa na fedha zitagawanywaje, kipi kitabaki cha arusi na misiba ya wanachama, na sampuli aliyoibuni mwenzenu itatumiwa kwa ruhusa ya nani. Wasomeeni hata wasiojua kusoma, kila mmoja aweke saini au dole gumba, na daftari hilo lisikae kwa mwenyekiti peke yake.